Fedha ya Mnadani Si Faida: Kupima Biashara ya Ng'ombe wa Nyama

Ukimuuliza mfugaji wa Langobaya au Marafa mwaka umemwendeaje, atakuhesabia ng'ombe aliouza na bei aliyopata. Jibu hilo nimelisikia sana katika kazi yangu ya ugani huku bara ya Malindi, na kila nikilisikia huingia wasiwasi. Mtu aweza kuuza vizuri mwaka mzima huku zizi linamwishia taratibu, asishtuke mpaka ukame umkute hana mitamba ya kuanzia upya.

Tuchukue mfano. Mfugaji alifungua Januari na ng'ombe 40, kati yao majike 22 ya kuzaa. Mwaka huo walizaliwa ndama 14, wakafa ng'ombe watano, akauza 13 kwa wastani wa shilingi 45,000, na mmoja akachinjwa arusini. Mwisho wa Desemba wamebaki 35. Mkononi zimeingia 585,000. Dawa, chumvi, maji na mshahara wa mchungaji vimekula 240,000. Kwa hesabu yake amepata 345,000.

Hajapata. Zizi limepungua ng'ombe watano, na tukiwakadiria kwa 40,000 kila mmoja, hiyo ni 200,000 ya mtaji aliyoila akidhani ni mapato. Yule wa arusini naye ni pato, 40,000, maana asingekuwa naye angemnunua. Tumefika 185,000. Halafu yeye na mwanawe wamehangaika na mifugo miezi 12. Wakilipwa hata 10,000 kwa mwezi wote wawili, ni 120,000. Inabaki 65,000.

Hapo kwenye jasho la nyumbani ndipo ninapobishiwa zaidi. Lakini kijana akipata kazi Malindi mjini itabidi aajiriwe mtu mwingine, na mshahara wake hautakuwa wa kukadiria tena.

Ng'ombe wote wa zizini nimewapa bei moja ili mfano uwe mwepesi. Katika daftari lako tenga ndama, mitamba, majike, maksai na madume, kila kundi na bei yake. Kisha bei uliyofungulia mwaka ndiyo uifungie, la sivyo kupanda kwa bei sokoni kutaonekana kama ni kazi ya mikono yako.

Kipimo ninachokithamini kuliko vyote ni gharama ya kuzalisha kilo moja ya uzito hai, yaani uzito wa ng'ombe kabla hajachinjwa. Chukua kilo ulizouza na ulizochinja, ongeza uzito wa zizi lote mwisho wa mwaka, toa uzito wa mwanzo wa mwaka pamoja na wa ng'ombe ulionunua. Kwa mfugaji wetu, waliouzwa walikuwa na wastani wa kilo 280, yaani kilo 3,640. Wengine, yaani wa mwanzo wa mwaka, wa mwisho wa mwaka na yule wa arusini, tuwaweke kilo 240 kila mmoja. Amezalisha kilo 2,680. Gharama yote, pamoja na jasho la nyumbani, ni 360,000, basi kila kilo imemgharimu karibu shilingi 134. Aliuza kwa takriban 161. Dalali akimpunguzia shilingi 27 kwa kilo, faida imekwisha.

Kilo ambazo angeweza kuzalisha zaidi zinapotelea wapi? Mara nyingi kwa majike yasiyozaa. Ndama 14 kwa majike 22 ni asilimia 64. Mimba ya ng'ombe ni siku 283 hivi, kwa hiyo jike likitakiwa kuzaa kila mwaka lina siku 82 tu za kushika mimba tena baada ya kuzaa. Jike lililokonda kwa kiangazi, lenye ndama anayenyonya, halishiki. Ndiyo maana nasema tarehe ya kila uzao iandikwe. Jike lililopita mwaka na nusu bila ndama linakula nyasi za mwenzake.

Vifo navyo viandikwe pamoja na sababu yake, na dawa iandikwe kwa ng'ombe aliyepigwa sindano. Kule Witu na Hindi, upande wa Lamu, mbung'o wanapowasumbua, daftari la namna hiyo litakuonyesha ng'ombe gani wanakula fedha za dawa ya nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, kila mwezi. Utafiti uliofanywa katika ranchi ya Galana ulionyesha kuwa ng'ombe wa aina ya Boran wanaofugwa na Waorma wa Tana huambukizwa nagana kidogo kuliko Boran wengine. Katika zizi lako mwenyewe pia wamo wenye ukoo wa kustahimili, na hao ndio wa kubakisha.

Si kila mtu ana mzani, lakini utepe wa fundi cherehani unatosha. Asubuhi kabla ya kunywesha, pima mzingo wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kwa sentimita, uzidishe kwa wenyewe. Zidisha tena kwa urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, ugawe kwa 10,840. Kifua cha 150 na urefu wa 130 vinakupa kilo 270 hivi. Ni makadirio, ila ukipima vilevile kila mara, ongezeko utaliona, na mnadani hutamtegemea dalali akupimie kwa jicho.

Wazee wengi hawapendi idadi ya mifugo itajwe mbele za watu, nami siwalazimishi. Daftari ni la ndani ya nyumba. Ukurasa wa kwanza uandikwe jioni ya leo, ng'ombe wakisharudi zizini: wangapi wa kila kundi, na majike gani yana ndama.