Megabaiti 10 za kache: nani apewe ngapi?

Ofisi nyingi za Nairobi zilizohamishia mifumo yao kwenye wingu hutuletea lalamiko moja: nafasi ya kache tunayo, mbona kurasa bado zinajikokota? Tukichungulia, twakuta nafasi imegawanywa kwa kuogopa manung'uniko. Kila idara imepewa kipande sawa, iwe inakihitaji au la.

Kache huhifadhi majibu yaliyokwisha kutafutwa, ili mfumo usirudi kwenye hifadhidata kila swali lile lile linapoulizwa. Kwenye Salesforce, mfumo wa wingu wa kusimamia wateja, toleo la Enterprise huja na megabaiti 10, la Unlimited 30. Kitu kimoja kinaweza kufika kilobaiti 100, kwa hiyo vitu mia hivi vya ukubwa huo vinazimaliza megabaiti 10 zote. Msimamizi huigawa nafasi hiyo katika vyumba, kuanzia megabaiti 1, na katika kila chumba huamua kiasi cha kache ya shirika zima na kiasi cha kache ya kikao cha mtumiaji mmoja, yaani tangu aingie kwenye mfumo mpaka atoke.

Hapa hakuna kusimama kama kwenye matatu za jioni. Chumba kikijaa, data mpya ikipanda, ile ambayo haijaulizwa kwa muda mrefu zaidi inashushwa, na hakuna anayeambiwa. Idara tano zikipewa megabaiti 2 kila moja, yenye kazi nyingi itashusha data kutwa huku jirani yake akikalia chumba kitupu. Chumba cha peke yake kina maana pale tu ambapo data muhimu inaweza kusukumwa nje na data ya kawaida.

Chukua Sacco. Orodha ya matawi na viwango vya riba huulizwa na kila mtu na hubadilika kwa nadra: viweke kwenye kache ya shirika. Salio la mwanachama lisiende huko. Hubadilika kila pesa zinapoingia kwa M-Pesa, na kache hiyo inasomwa na vikao vya watumiaji wote; programu ikikosea kidogo, mtu anaona taarifa za mwenzake, na hapo mnakutana na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Kabla ya kugawa, pimeni mwisho wa mwezi mishahara inapoingia, si Jumanne tulivu: maswali mangapi yalipata jibu kwenye kache, mangapi yalikosa.

Muda nao huisha. Kache ya shirika hushika kitu saa 24 msiposema vingine, na haivuki 48. Ya kikao haivuki 8. Waandishi wa programu husahau hili (wakuu wao ndio zaidi). Ili kuona kama programu inaweza kuishi bila kache, katika mazingira ya majaribio wekeni mgao wa chumba kuwa sifuri, kisha tumieni mfumo. Mfumo unapaswa kwenda polepole lakini utoe majibu sahihi. Ukianguka, rekebisheni programu kabla ya kuagiza megabaiti zaidi.