Ndala hazizuii shoti ya shawa

"Fundi, hita ni nzima kabisa, ina ile shoti ya kawaida tu. Nimekuita kwa ajili ya sinki."

Haya niliambiwa wiki iliyopita hapa Dodoma na mama mmoja mwenye nyumba. Mlangoni mwa bafu palikuwa na jozi nne za ndala, kila mtu na zake, na mdogo wa mwisho alishafundishwa kwamba bila ndala hakuna kuoga. Sinki nililiacha kwanza. Nilikwenda kwenye meni swichi nikazima breka ya hita. Mama akanuna. Nimeshazoea kununiwa kwa hilo.

Hakuna shoti ya kawaida. Ukigusa koki ya shawa vidole vikasisimka, ujue umeme umeshapata njia ya kwenda ardhini, na njia yenyewe ni wewe. Mtu huanza kuusikia ukifika kama miliampia 1. Ukifika 10 hivi misuli hukaza na mkono ukakataa kuachia koki. Ukizidi 30, hapo tunazungumzia pumzi na moyo. Leo umesisimka tu kwa sababu ya bahati ya leo. Kesho umelowa zaidi, umeegemea ukuta wenye maji, hesabu imebadilika.

Sasa hizo ndala. Mpira mkavu unazuia umeme, sibishi. Lakini nani anaoga na ndala kavu? Maji ya sabuni yanateremka mguuni, yanapita juu ya ndala hadi sakafuni, na kiwiko kinagusa ukuta uliolowa. Wengine hubadilisha koki ya chuma wakaweka ya plastiki, wakafurahi kwamba shoti imekwisha. Haijaisha. Umeondoa chuma kilichokuwa kinakuonya; maji yanayokumwagikia kichwani ni yale yale.

Umeme wenyewe unatoka wapi? Nyingi ya hizi hita za shawa zina elementi iliyo wazi, waya uliosokotwa kama springi, unaoguswa na maji moja kwa moja. Kwenye maji yenye chumvi kidogo, kinachovuja ni kidogo. Maji ya visima vyetu unayajua, sabuni haitoi povu na birika linaota utando mweupe. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri sana. Ndiyo maana hita huja na waya wa ethi, ule wa kijani na njano, ili kinachovuja kipite huko kisipite kwako.

Nikifungua hita zenye "shoti ya kawaida", mara nyingi nakuta waya huo umekunjwa na kuzungushiwa tepu. Nyumba haina fimbo ya ethi, ile inayochimbiwa ardhini, basi fundi aliyefunga akaona unamsumbua. Wengine huufunga kwenye bomba la maji, na bomba siku hizi ni la plastiki! Wabaya zaidi ni wanaouunganisha na nyutro, waya wa kurudisha umeme, pale pale kwenye hita. Siku nyutro ikikatika mahali, hita na koki yake vinabeba volti 230 kamili.

Kwa hiyo mteja wangu atasikia mambo matatu, apende asipende. Fimbo ya ethi ichimbiwe na ipimwe kwa mita yake, si kwa kuwasha balbu. Tena ipimwe kiangazi, kwa sababu udongo mkavu haupitishi umeme kama udongo wa masika. Pili, ELCB ya miliampia 30, kile kifaa kinachokata umeme ukivuja, na kitufe chake cha kujaribia kibonyezwe kila mwezi. Kisipokata, kifaa kimekufa. Tatu, kama maji ni ya kisima, nunua hita ya maji ya chumvi, ambayo elementi yake imefunikwa ndani ya bomba la chuma. Ni ghali zaidi, ndiyo. Na hita hiyo haifuti ethi. Mpaka hayo matatu yakamilike, chemsha maji kwenye sufuria uoge kwa ndoo. Mimi mwenyewe nimeoga hivyo miezi miwili nilipohamia nyumba isiyo na ethi.

Mengine nayapitia haraka. "Hita imechoka, haichemshi kama zamani." Mwezi wa Julai maji ya tangini yanaweza kushuka hadi nyuzi 18. Hita ya kilowati 5.5 kuyafikisha 40 inamudu kama lita 3.5 kwa dakika, basi. Ukifungua koki hadi mwisho, utaoga ya uvuguvugu hata kama hita imetoka dukani jana. Punguza maji. Ikiwa haiwaki kabisa, fungua kichwa cha shawa usugue vitundu. Vikiziba, presha haitoshi kusukuma swichi ya ndani.

"Nimeichomeka kwenye soketi, inafanya kazi." Hita hiyo ya kilowati 5.5 inavuta karibu ampia 24 na soketi ni ya 13. Inafanya kazi ya kuyeyusha soketi. Hita inataka breka yake na waya wake, wa milimita za mraba 6 ndio ninaoweka mimi.

Wenye boila za tangi nao wana lao: "Valvu inadondosha, nikaiziba." Maji yakipata moto hutanuka, na valvu ile kudondosha kidogo wakati wa kuchemsha ndiyo kazi yake. Ukiiziba, siku themostati ikigoma kukata, tangi halina pa kupumulia na litapasuka. Ikidondosha mchana kutwa hata boila ikiwa imezimwa, hapo ndipo uniite.

Na kuiacha boila imewashwa saa 24 ati kuwasha na kuzima ndiko kunakomaliza uniti? Tangi la moto hupoteza joto muda wote, na joto hilo unalilipia LUKU ukiwa kazini. Washa saa moja na nusu kabla ya kuoga, themostati kwenye 60.

Bado sijapata mteja aliyeniuliza kuhusu anodi, ile fimbo ya magnesiamu ndani ya tangi inayoliwa na kutu badala ya tangi. Kwa maji ya hapa ikaguliwe kila mwaka. Ikishaisha, kutu inahamia kwenye tangi lenyewe, na tangi lililotoboka halizibiki.