Acha Kuta, Panda Kwenye Tenki

Redio ikitaja kipindupindu mara moja tu, simu za wenye nyumba zinaanza. "Nimeshaleta kijana wa kupulizia, amepiga nyumba nzima, korido, vyumba vyote na uani." Picha inafuata: kijana ana pampu mgongoni, ukuta umelowa hadi usawa wa madirisha, chokaa imemwagwa kuanzia getini hadi chooni kama mistari ya uwanja wa mpira. Wapangaji wanashusha pumzi kwa sababu wameona kitu kikifanyika. Na nyuma ya picha hiyohiyo, juu ya mnara, lipo tenki la lita 2000 ambalo halina mfuniko.

Baba mwenye nyumba, mama mwenye nyumba, kipindupindu kinamezwa. Kinatoka kwenye kinyesi au matapishi ya mtu mmoja, kinaingia mdomoni mwa mwingine kupitia maji, chakula au vidole. Kimelea chenyewe kinapenda unyevunyevu na kikikaushwa kinakufa haraka, kwa hiyo ukuta mkavu ni mahali pabaya kwake kuliko pote nyumbani kwako. Sijawahi kusikia mpangaji anayelamba ukuta. Ushahidi kwamba kupulizia nyumba kunazuia maambukizi ni hafifu mno, ndiyo maana siku hizi miongozo ya kimataifa inasisitiza familia zipewe sabuni, klorini na ndoo zenye mfuniko. Kitu kibaya zaidi ni kwamba pampu inampa kila mtu ruhusa ya kulegea. "Tumeshapulizia," basi, sabuni ya chooni ikiisha hakuna anayenunua nyingine.

Na jamani, msisubiri masika. Mlipuko mkubwa ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015 ulianza Agosti, kiangazi. Mvua inafurisha mashimo ya vyoo, ni kweli, lakini kiangazi kinakata maji, na maji yakikatika watu wananunua ya madumu wasiyojua yalikochotwa.

Twende kwenye tenki, maana hapo ndipo ubishi ulipo. Hoja ninayoletewa ni moja: "Maji yangu ni ya bomba, yametibiwa." Yametibiwa mtamboni, sikatai. Kati ya mtamboni na koki yako kuna kilometa za bomba, na klorini inapungua njiani. Maji ya mgawo yana shida ya ziada. Yakikatika, bomba linabaki bila msukumo, na penye ufa maji ya mtaroni yanaingia ndani. Ukiwa umefunga pampu ya kuvuta moja kwa moja kwenye bomba la mtaa ili uwawahi majirani, umegeuza kila ufa wa mtaa mzima kuwa mrija. Unavuta maji pamoja na kilichopo mtaroni, unakipandisha juu ya mnara, kisha unawagawia wapangaji. Pampu hiyo iondoe. Maji ya bomba yaingie kwa nguvu yake kwenye tenki la chini, pampu ivute kutoka humo kwenda juu.

Boza nalo lina siri yake, na siri ni mpira. Tazama unapotolewa: unatupwa chini, unaburutwa kwenye tope la mtaroni, kisha ncha ileile inachovywa ndani ya tenki. Mwambie dereva aisuuze ncha kwa maji ya klorini na asiizamishe, aining'inize juu ya maji. Wakati wa mlipuko, boza linatakiwa kuwa na klorini ya mabaki, yaani ile inayobaki majini baada ya kufanya kazi yake, ya miligramu 2 kwa lita linapojazwa. Ukipima likifika kwako ukakuta sifuri, una haki ya kulirudisha. Utarudisha siku ambayo wapangaji hawana tone? Mimi nalipokea, nalitibu mwenyewe, ila dereva nimeshamwambia ukweli wake.

Kusafisha tenki kuna utaratibu, na watu wanaruka hatua ya kwanza, yaani kusugua. Klorini haipenyi utando wa utelezi uliojenga ukutani na tope la chini. Toa maji yote, sugua kwa brashi yenye mpini mrefu na sabuni ya unga, suuza, toa tope. Tenki la chini ya ardhi mtu asiingie peke yake, hewa ya mle inaua. Kisha jaza robo, weka klorini ya unga ya asilimia 65 hadi 70, ile wanayoiita HTH, gramu 80 kwa kila lita 1000 za ujazo wa tenki. Kwa hiyo tenki la 2000 ni gramu 160, la 5000 ni gramu 400. Ikoroge kwanza kwenye ndoo ya plastiki yenye maji. Unga unamwagwa kwenye maji, maji hayamwagwi juu ya unga. Mimina, jaza tenki, fungua kila koki mpaka usikie harufu, funga, acha saa 24. Watangazie wapangaji kwamba siku hiyo hakuna kunywa wala kupikia, na wawe wameshajaza ndoo zao mapema. Baada ya hapo yatoe yote taratibu, mbali na kisima na bustani ya mchicha. Usiyapeleke kwenye shimo la maji taka, utaua vijidudu vinavyokufanyia kazi mle.

Hiyo ni dozi ya kusafishia. Dozi ya kunywa ni nyingine kabisa, na watu wanazichanganya. Anza na miligramu 2 kwa lita. Kwa HTH hiyo ni gramu 3 tu kwa lita 1000. Nunua mizani ndogo ya jikoni ya kidijitali, kijiko hakiaminiki. Kwa klorini ya maji ya dukani yenye asilimia 3.5, ni mililita 60 hivi kwa lita 1000. Isiwe yenye manukato ya limau wala sabuni ndani, na tazama tarehe, kwa sababu chupa iliyokaa juani dukani miezi kadhaa imepoteza nguvu ingawa lebo bado inasema 3.5. Subiri dakika 30, ndipo upime kwenye koki iliyo mbali kuliko zote. Unatafuta miligramu 0.5 kwa lita. Ikiwa chini ya hapo ongeza kidogo, pima tena. Ukiona unaongeza na kuongeza na klorini inapotea, maji yako yana tope au tenki hukulisugua. Maji yenye tope yatulize kwanza kwa shabu, uyahamishe yakiwa maangavu, ndipo uweke dawa.

Kupima hakuhitaji maabara. Maduka ya vifaa vya mabwawa ya kuogelea yanauza kichupa cha kulinganishia rangi na vidonge vya DPD namba 1. Unajaza maji hadi alama, unadondosha kidonge, unatikisa, rangi ya waridi inatokea, unailinganisha na ngazi za pembeni. Yasipobadilika rangi, huna kinga. Acha kile kipimo cha bei rahisi cha matone yanayogeuka njano. Kinahesabu pamoja na klorini ambayo imeshachoka, kinakupa moyo bure.

Sasa niseme kinachonisumbua. Ukilitibu tenki vizuri kabisa, mpangaji anachota, anapeleka chumbani, anamimina kwenye ndoo pana isiyo na mfuniko, mtoto anachovya kikombe pamoja na vidole. Klorini ya tenki haifuati maji hadi kwenye kikombe, kesho yake imebaki kidogo au haipo. Ndoo zenye koki chini zinasaidia sana, lakini ukiwa na vyumba kumi nani azinunue? Mimi hushawishi mwenye nyumba anunue, akiona uchungu gharama aitoe kwenye kodi ya mwezi mmoja kwa mafungu. Wengine wanakataa. Jambo jingine ni ladha: ukipandisha klorini ghafla, baadhi ya wapangaji wanayakimbia maji yako na kwenda kununua ya kisima cha jirani kwa sababu ni "matamu". Umewatoa kwenye salama ukawapeleka kwenye hatari kwa nia njema. Sina jibu safi la hilo. Napandisha polepole na kuwaeleza mapema kwamba harufu hiyo ndiyo dawa yenyewe.

Chooni tazama kitu kimoja kwa makini: pipa na kopo la kuchambia. Nyumba ya korido na uani ina choo kimoja au viwili kwa watu zaidi ya ishirini. Mtu anashika mpini wa kopo kwa mkono uleule uliotoka kujisafisha, kisha analizamisha kopo lote, pamoja na mkono, kwenye pipa. Saa moja baadaye mwingine anachota humohumo akapige mswaki. Mpulizia dawa wako alipita hapo akalowesha mlango! Pipa lifunikwe na liwe na koki, kopo lisizame. Usipoweza hilo, tia klorini ndani ya pipa kila asubuhi. Nje ya mlango weka ndoo ya koki na sabuni iliyofungwa kwa kamba, maana isiyofungwa haimalizi siku. Sabuni na maji yanayotiririka vinatosha kwa mikono. Kama unataka maji ya dawa ya kunawia ni asilimia 0.05, yaani mililita 300 za klorini ya 3.5 kwenye ndoo ya lita 20. Sakafu ya choo na mpini wa mlango ni asilimia 0.2, kama lita 1.2 kwenye ndoo hiyohiyo. Kinyesi au matapishi ya mgonjwa ni asilimia 2. Funika kwanza, acha dakika 10, ndipo usafishe ukiwa na glavu. Na tafadhali msichanganye klorini na asidi ya kusafishia choo, inatoa gesi inayochoma mapafu.

Shimo litapishwe kabla halijajaa, na gari la kunyonya liitwe wakati barabara bado inapitika. Kulitapisha mtaroni usiku mvua ikinyesha ni kuwaharishia majirani wa bondeni, na Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 haikuachi salama. Kisima kifupi cha uani ndicho kinanikatisha tamaa. Kanuni ya vitabuni inataka mita 30 kati ya kisima na choo. Kiwanja cha mita 20 kwa 20, ukipima pembe kwa pembe, hupati hata 29, na bado hatujahesabu choo cha jirani kilichogusa ukuta wako. Maji ya kisima hicho ni ya kufulia na kusafishia choo. Weka alama kwenye koki yake, wala usikiunganishe na tenki la kunywea hata maji yakikatika wiki nzima.

Mpangaji akiugua, kuna wenye nyumba wanaomtaka ahame siku hiyohiyo ili "nyumba isiharibike jina". Hesabu yao ni mbovu. Wengi wanaoambukizwa hawaoneshi dalili au wanaharisha kidogo tu, na bado wanatoa vimelea kwa siku 1 hadi 10. Dalili zinaweza kuchukua saa 12 hadi siku 5 kutokea. Siku unapomfukuza mmoja, nyumba inaweza kuwa na wengine watatu, na ulichowafundisha ni kuficha. Anayeficha anaweza kufa ndani ya saa chache kwa kukaukiwa maji. Unachotakiwa kuwa nacho ni pakiti za ORS, unga wa kurudisha maji mwilini, kwa mpangaji mmoja anayeaminika, kila moja kwa lita moja ya maji salama, aanze kunywa palepale. Uwe na namba ya bajaji iliyokubali mapema kubeba mgonjwa, ndoo yenye mfuniko na plastiki ya kukalia. Na bwana afya wa kata apigiwe siku hiyohiyo. Hafungi nyumba kwa sababu umemwita, anakuja na klorini na maswali.

Kodi sitaizungumzia sana. Mpangaji aliyelazwa, au mama lishe aliyezuiwa kuuza chakula barabarani, hatalipa mwezi huo. Andikianeni mafungu, wote wawili watie saini, mwenyekiti wa mtaa ashuhudie.

Lini uache kutia dawa? Mlipuko huhesabiwa umekwisha zikipita wiki 4 mfululizo bila mgonjwa aliyethibitishwa. Wenye nyumba wengi wanaacha wiki ya pili, chupa ya kwanza ikiisha. Mimi naendelea kupima koki ya mwisho kila wiki hata baada ya tangazo, na tenki nalisugua kila miezi sita, kuwe na kipindupindu au kusiwe.