Kilishio cha vichwa kwenye presi ya risasi: kituo cha ukaguzi kisitolewe kafara

Ukijijazia risasi mwenyewe kwa presi ya mfululizo, yaani mashine ya wenzo inayohamisha maganda kituo hadi kituo, na ukaifungia kilishio cha vichwa, kile kifaa kinacholeta vichwa chenyewe, mkono wako wa kushoto hauna tena kazi. Kabla ya hapo mkono wa kulia ulivuta wenzo, na wa kushoto uliokota kichwa cha risasi na kukisimamisha juu ya ganda, kila mvuto kichwa kimoja. Sasa bakuli linazunguka juu, vichwa vinashuka kwenye mrija, na kila ganda linalopanda linapokea chake. Kasi inaongezeka, bega linapumzika, na ukiwa na mashindano Jumamosi unamaliza kazi Alhamisi.

Lakini ule mkono ulikuwa na mwenzake. Ili kusimamisha kichwa juu ya ganda ilikubidi uangalie mdomo wa ganda, na ukiangalia mdomo unaona baruti: ipo, haipo, au imezidi. Kilishio kinauondoa mkono, na jicho linaondoka nao. Maelezo mengi ya kufunga kifaa hiki ni ya skurubu na nyaya. Nitafika huko, ila swali la kwanza kwangu ni nani atakayeangalia ndani ya ganda kuanzia leo.

Nieleze maneno ninayotumia, maana kila klabu ina yake. Ganda ni ule mtungi wa shaba nyeupe. Fataki ni kikombe kidogo kitakoni kinachopigwa na pini. Kichwa ni kile kinachotoka mtutuni. Vikiungana pamoja na baruti ndipo tunapata risasi kamili. Dai ni ile ya karakana, kama unavyosema tapu na dai: hapa ni kifaa cha chuma kinachofungwa kwenye kituo cha presi na kufanya kazi yake juu ya ganda.

Halafu sheria, kwa sababu naulizwa na jamaa walioko nyumbani. Mimi niko Ohio, kazi yangu ya mchana ni ukerezaji wa vyuma, na hapa sheria ya shirikisho haimdai leseni mtu anayejijazia risasi za matumizi yake. Akitaka kuziuza anahitaji leseni ya mtengenezaji wa risasi, aina ya 06. Majimbo na miji ina masharti yake juu ya hayo. Kenya, chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na Tanzania, chini ya sheria yake ya silaha na risasi ya mwaka 2015, si mahali pa kufanya haya kama burudani ya gereji. Aliyeko huko asome kwa kujifurahisha tu.

Tuje kwenye mashine. Nachukua mfano wa presi ya vituo vitano, kama Dillon XL750 au Hornady Lock-N-Load AP, kwa sababu ndizo ninazokutana nazo mara nyingi, na risasi ya milimita 9. Kwa mpangilio wa kawaida kituo cha kwanza kinang'oa fataki iliyokwisha kutumika na kurudisha ganda kwenye kipimo chake. Fataki mpya inaingia ganda linapoelekea kituo cha pili. Cha pili kinamimina baruti na kupanua mdomo kidogo. Cha tatu kina dai ya kukagua baruti. Cha nne kinakandamiza kichwa hadi urefu unaotakiwa, na cha tano kinaubana mdomo uliopanuliwa hadi unyooke tena.

Vituo vitano, kazi tano, na kilishio kinataka kituo chake. Hapo ndipo watu wengi wanapotoa dai ya ukaguzi na kuweka kidondoshi cha vichwa, ile sehemu ya kilishio inayoachia kichwa kimoja kimoja juu ya ganda, mahali pake, kwa hoja kwamba chombo cha baruti "hakijawahi kuniangusha". Siikubali hoja hiyo. Ganda lisilo na baruti linaweza kukisukuma kichwa kwa nguvu ya fataki pekee, nacho kikakwama katikati ya mtutu. Ukipiga risasi ya pili nyuma yake, bunduki inaweza kupasuka. Ganda lenye baruti mara mbili nalo halihitaji risasi ya pili. Na usitegemee baruti kumwagika ikizidi: zipo baruti za bastola ambazo kipimo chake hakijazi hata nusu ya ganda la milimita 9, kwa hiyo vipimo viwili vinaenea humo bila punje kuanguka nje.

Mpangilio wangu basi ni huu: cha kwanza na cha pili vibaki kama vilivyo, cha tatu kibaki na mkaguzi, yaani ile dai ya kukagua baruti, cha nne kipewe kidondoshi, na cha tano kikandamize kichwa na kuubana mdomo kwa dai moja. Kuna gharama, nitaieleza chini. Mwenye presi ya vituo vinane kama RL1100 ana nafasi zaidi. Mwenye presi ya vituo vinne afikiri mara mbili kabla ya kununua kilishio.

Wakaguzi wenyewe hawafanani. Ule wa Dillon unapiga king'ora fimbo yake ikikuta baruti iko juu au chini mno. Lock-Out ya RCBS inaizuia presi isiendelee. Powder Cop ya Hornady inainua fimbo tu, na wewe uitazame. Kwa mtu aliyefunga kilishio, huyu wa tatu ananitia wasiwasi, maana tumemweka mkaguzi kwa sababu jicho limestaafu, kisha tunamtegemea jicho. Wote watatu wanakamata makosa makubwa, yaani hakuna kitu au mara mbili. Tofauti ya sehemu ya kumi ya greini, kile kipimo kidogo cha uzito wa baruti na vichwa, hawaioni, hiyo ni kazi ya mizani, na kipimo chenyewe kinatoka kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti, hakitoki kwa rafiki.

Sasa kufunga. Usianze na kilishio. Hakikisha kwanza presi inatoa risasi nzuri kwa mkono, meza haitikisiki, na sahani inayobeba maganda inahama kituo hadi kituo bila kuruka. Sahani inayoruka inamwaga baruti na kuangusha vichwa, na lawama itakwenda kwa kilishio bure. Halafu marekebisho yote ya mwanzo yafanywe bila fataki na bila baruti.

Kinachoamua kama kilishio kitakupendeza ni mdomo wa ganda, na hapa ndipo ninapotumia muda mwingi. Kipanuzi cha kawaida kinaufungua mdomo kama tarumbeta. Kidole chako kilikuwa kinakishika kichwa wima juu ya tarumbeta hiyo mpaka kikaingia kwenye dai, lakini kidondoshi hakina kidole. Kinakiachia, na kichwa kinatakiwa kisimame chenyewe huku sahani ikihama. Kwa hiyo badilisha kipanuzi utumie kile chenye ngazi: sehemu ya chini inalipatia ganda upana unaokikumbatia kichwa, sehemu ya juu inaacha kingo fupi ambamo kitako cha kichwa kinazama kidogo na kukaa wima. Watengenezaji wa vilishio, Double Alpha wakiwamo na Mr. Bulletfeeder yao, wanauza kipanuzi cha namna hii kinachoingia ndani ya dai ya baruti. Wengine wanakiona cha ziada. Mimi nisingefunga kilishio bila hicho.

Kukirekebisha, shusha dai kidogo kidogo hadi kichwa ulichokiweka kwa mkono kisianguke ukiligonga ganda kwa ukucha. Ukifika hapo acha. Mdomo uliopanuliwa kupita kiasi unachoka na kupasuka mapema, na kabla ya kupasuka utakuwa unagusa pembe za kidondoshi na kukataa kuingia.

Kidondoshi nacho ni kitu rahisi ukikifungua. Ndani mna gololi za chuma katika ngazi mbili. Ganda likipanda linasukuma sehemu ya ndani juu, gololi za chini zinaachia kichwa kimoja, za juu zinashika kinachofuata. Ganda likishuka zinabadilishana. Hakuna umeme hapo, ganda lenyewe ndilo ufunguo, na kutokana na hilo unaelewa karibu kila tatizo la kidondoshi.

Kwa mfano, kikifunguliwa na ganda, kinategemea urefu wa ganda. Ganda la milimita 9 halitakiwi kuzidi milimita 19.15, lakini ukiokota maganda ya uwanjani, yaliyochanganyika viwanda, utakuta mafupi zaidi ya hapo. Ukirekebisha kidondoshi kwa ganda refu, fupi litapita bila kupewa kichwa. Kwa hiyo pima lundo lako kwa kalipa, chagua fupi kabisa, liweke kituo cha nne, inua sahani hadi mwisho, kisha zungusha kidondoshi kikishuka polepole mpaka kichwa kidondoke. Ongeza kidogo, chini ya robo mzunguko. Kabla ya kukaza nati, jaza vituo vyote na urudie. Dai zote zikifanya kazi pamoja, sahani inapokea mzigo na kuinama kwa kiasi usichokiona kwa macho, na kidondoshi kilichofanya kazi vizuri na ganda moja kinaanza kuruka maganda. Hapo ndipo pa kukaza.

Bakuli lina tabia zake. Sahani yake yenye nafasi inapandisha vichwa, na kile kilicholala vibaya kinapinduliwa kwenye kona ya juu ili vyote vishuke kitako mbele. Ukiona kichwa kimegeuka mrijani, angalia kwanza kama sahani na kile kibao cha kuongoza ncha ni vya ukubwa wako, halafu mwinamo wa bakuli, halafu umbo la kichwa. Vichwa virefu vya greini 147 havisumbui. Vifupi vyenye shimo kwenye ncha ndivyo vinavyolichanganya bakuli, kwa sababu kadiri urefu unavyoukaribia upana, mashine inapata shida kujua kipi ni kitako. Na usijaze bakuli hadi ukingoni. Rundo zito linaisonga sahani na mota inaanza kulalamika.

Mrija ushuke wima kadiri inavyowezekana. Swichi inayosimamisha mota nakushauri uifunge juu, mbali na kidondoshi, ili daima kuwe na safu ya vichwa inayokandamiza kwa uzito wake. Ikiwa chini sana, kichwa cha mwisho kinashuka kwa uvivu na kutua upande.

Gharama niliyoitaja ya kituo cha tano: dai moja inakandamiza kichwa na kuubana mdomo kwa wakati mmoja, yaani mdomo unafungwa wakati kichwa bado kinashuka. Kwa vichwa vyenye koti la shaba nyekundu hili halionekani. Kwa vichwa vya madini ya risasi vilivyopakwa rangi ngumu, mdomo unaweza kukwangua rangi na kuacha pete ndogo. Dawa ni kubana kidogo sana. Lengo ni kuondoa ule upana tulioongeza kituo cha pili, hakuna zaidi. Katika milimita 9 ganda linakaa kwenye chemba, yaani sehemu ya mtutu inayopokea risasi, kwa mdomo wake, kwa hiyo kulibana sana ni kosa hata bila habari ya rangi. Kwanza weka mwili wa dai juu, rekebisha fimbo ya ndani hadi urefu wa risasi uwe sawa. Legeza fimbo juu kabisa, shusha mwili wa dai hadi mdomo unyooke, kaza. Mwishoni, risasi hiyo ikiwa bado juu, rudisha fimbo mpaka iguse kichwa. Toa mtutu kwenye bastola, dondosha risasi ndani ya chemba: iingie na kutoka kwa uzito wake yenyewe. Vua kichwa kimoja au viwili kwa nyundo ya kuvulia, utazame kama rangi imekwanguliwa.

Kwenye kazi yenyewe kuna sharti moja ninalolisimamia kwa ukali na yeyote anayetumia meza yangu. Ukikwama katikati ya mvuto, usirudishe wenzo nusu ukavuta tena. Zamani, kwa mkono, kurudia mvuto kulihitaji uangalifu kwenye kituo cha baruti. Sasa kuna wawili wa kuchunga, kwa sababu kidondoshi nacho kikibonyezwa mara mbili kitaachia vichwa viwili, na cha pili kitaangukia popote. Zima mota, toa ganda la kituo cha pili, cha tatu na cha nne, rudisha baruti kwenye chombo, anza upya. Maganda matatu si hasara.

Usafi haunipi maneno mengi. Vichwa vya madini ya risasi vilivyopakwa nta visahau, vitaziba gololi. Vya rangi ngumu vinaacha vumbi. Fungua kidondoshi ukiona kimeanza kuchelewa, futa kwa kitambaa kikavu, na usitie mafuta, kwa sababu mafuta yanashika vumbi na yanaweza kudondokea kwenye baruti.

Na unapobadilisha uzito wa kichwa bila kubadilisha ukubwa, mwaga bakuli na mrija, kisha fungua kidondoshi pia, kwa sababu kinaficha kichwa kimoja au viwili hata mrija ukiwa mtupu. Kichwa cha greini 124 na cha 147 vina upana uleule na vinapita humohumo bila mashine kutofautisha. Baruti iliyopimwa kwa chepesi, ikiwekwa chini ya kizito, inapandisha shinikizo, na mkaguzi wa kituo cha tatu hatapiga king'ora, kwa sababu kwa upande wake kiasi cha baruti ni sahihi kabisa.