Mwani kwenye tangi la samaki: shika taa kwanza, mbolea usiipunguze

Simu nyingi ninazopigiwa na wenye matangi ya samaki hapa Tanga zina malalamiko yale yale. Kioo kimeota kijani, majani yamevaa manyoya meusi, samaki hata hawaonekani. Swali linalofuata nalijua kabla halijaulizwa: "Fundi, niache mbolea ya mimea?" Mimi husema usiiache. Nenda kwanza kwenye taa.

Mmea wa majini hutumia mwanga kujitengenezea chakula kutokana na maji na hewa ukaa, kisha huhitaji naitrojeni, fosforasi, potasiamu, chuma na madini mengine machache ili ujenge mwili. Katika yote hayo, mwanga ndio unaopanga kasi. Ukiuongeza, mmea unadai hewa ukaa zaidi na madini zaidi muda huo huo. Visipopatikana, ukuaji unasimama, majani ya zamani yanaanza kuoza na kutoa uchafu majini, na mwani unapata pa kukaa. Mwani wenyewe unaridhika na madini kidogo sana, kiasi ambacho vipimo vyetu vya dukani havikioni. Ni kama kupika wali: ukikoleza mkaa bila kuongeza maji, unaungua, na kuyapunguza maji hakuuokoi.

Juzi juzi niliitwa Chumbageni kwa mzee mmoja mstaafu. Ana tangi la lita 100 sebuleni, na juu yake alikuwa amefunga taa ya ulinzi, zile za kumulika ua, ya wati 50. Inawashwa watu wakiamka, inazimwa watu wakienda kulala.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone balaa lako. Mbolea nimeacha tangu mwezi uliopita, na uchafu ndio kwanza unazidi."

Nilikata jani moja la zamani la Echinodorus, mmea wa majini wa majani mapana, nikamwekea kiganjani. Lilikuwa na vitundu vidogo, kila kimoja kimezungukwa na pete ya njano. Hiyo ni dalili ya potasiamu kupungua. Majani machanga yalikuwa yamepauka, mishipa tu ndiyo imebaki ya kijani, nayo ni dalili ya chuma kukosekana. Kwenye kioo kulikuwa na madoa magumu ya kijani ambayo sifongo haiyatoi, hadi uyakwangue kwa wembe. Hayo nimezoea kuyakuta penye mwanga mkali na fosfeti kidogo, yaani ile fosforasi ya mmea ikiwa majini. Mimea ya mzee ilikuwa inakufa njaa chini ya jua la bandia.

Tukapiga hesabu. Taa ya LED ya wati 50, kama wati zake ni za kweli (za bei rahisi mara nyingi zinasema uongo kwenye boksi), hutoa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 4,000 hadi 5,000. Kwa lita 100, hiyo ni lumeni 40 au zaidi kwa kila lita. Kiwango hicho ni cha tangi lenye mtungi wa hewa ukaa na mbolea ya kila siku. Tangi lisilo na mtungi, ambalo ndilo matangi yetu karibu yote, linatosheka na lumeni 10 hadi 20 kwa lita. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa takriban lumeni 800, kwa hiyo mbili zinamtosha.

"Mwanangu, si ndiyo hiyo balbu niliyoweka chooni?"

Ndiyo hiyo hiyo, mzee. Nunua nyeupe.

Baada ya ukali wa taa, angalia saa. Tangi jipya, au lililokwisha kushambuliwa, lipe saa 6 kwa siku, na likitulia upandishe taratibu hadi 8. Hakuna sababu ya kuliwashia asubuhi wakati nyumba nzima iko kazini na shuleni. Mimi huwapangia wateja saa 10 jioni hadi saa 4 usiku, wanapokuwa nyumbani kulitazama. Na hapa taima ina jambo lake. Taima ya kuzungusha kwa mkono, isiyo na betri, husimama umeme ukikatika na kuendelea umeme ukirudi, kwa hiyo kila mkato unairudisha nyuma. Mikato michache tu, unakuta taa inawaka usiku wa manane na wewe huna habari. Nunua ya kidijitali yenye betri ndani. Giza lenyewe la umeme kukatika lisikuumize kichwa, mimea yenye afya hustahimili hata siku tatu bila taa. Wanaohitaji kuhurumiwa wakati huo ni samaki na bakteria wa filta, maana hewa ya oksijeni inashuka. Pampu ndogo ya hewa ya betri inatosha.

Dirisha nalo ni taa, na kali kuliko zote. Wengi hunishangaa nikiwauliza dirisha la sebule linatazama wapi. Tanga iko takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua letu halikai upande mmoja. Katikati ya mwaka, wakati wa kusi, linapita upande wa kaskazini. Desemba linapita kusini. Tangi lililokaa karibu na dirisha la kaskazini miezi yote bila tatizo linaweza kulipuka kijani mwezi Juni, na mwenye tangi akaapa hajabadilisha kitu. Kweli hajabadilisha, jua ndilo limeingia ndani. Pazia zito linamaliza kesi.

Sasa turudi kwenye mbolea, maana hapa ndipo watu wanapobishana sana. Mwaka 1996 Paul Sears na Kevin Conlin waliandika makala iliyosomwa sana na wapenzi wa matangi ya mimea. Hoja yao: ipe mimea kila kitu, ila ubane fosfeti, mimea itainyakua yote na mwani utakosa. Walichochangia kikubwa, kwa maoni yangu, ni kuonyesha kwamba mtu anaweza kuchanganya mbolea yake mwenyewe kwa chumvi za kawaida zisizo ghali. Baadaye Mmarekani Tom Barr akaonyesha kwamba kuongeza fosfeti kwenye tangi lenye mimea mingi na hewa ukaa ya kutosha hakuleti mwani, akaeneza mtindo wa kuweka mbolea kwa ukarimu na kubadilisha nusu ya maji kila wiki ili kisirundikane kitu. Mimi niko upande wa Barr kwenye hili. Tangi lenye samaki wanaolishwa kila siku linaingiza naitrojeni na fosfeti kupitia chakula na kinyesi. Utaubana vipi mwani njaa wakati unaandalia meza mara mbili kwa siku? Unachobana ni mimea.

Kiwango kamili cha Barr, hata hivyo, ni cha matangi yenye mwanga mkali na mtungi. Kwa tangi la lita 100 lenye balbu mbili, mimi huanza na gramu 1 ya potasiamu naitreti kwa wiki, inayotoa miligramu 6 hivi za naitreti na karibu 4 za potasiamu kwa lita, pamoja na gramu 0.1 ya monopotasiamu fosfeti, inayotoa miligramu 0.7 za fosfeti kwa lita. Mizani ya jikoni haipimi gramu 0.1. Azima ya sonara, au fanya hivi: yeyusha gramu 30 za potasiamu naitreti kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, yajae hadi mililita 300, na kila mililita 10 itakuwa na gramu 1. Fosfeti unaifanyia vivyo hivyo kwa gramu 3. Chuma na madini madogo weka chupa nyingine, siku nyingine, kwa sababu chuma na fosfeti vikikutana vikiwa vikali vinashikana na kuzama chini, mmea hauambulii kitu. Potasiamu naitreti huchochea moto, iweke mbali na jiko na mbali na watoto.

Chumvi hizi ulizia maduka ya pembejeo yanayowahudumia wakulima wa mboga wanaomwagilia kwa matone. Usikubali kuuziwa urea. Urea ndani ya maji hugeuka amonia, na amonia inaua samaki. Pamoja na taa, ndiyo njia ya haraka ninayoijua ya kuyafanya maji yawe supu ya kijani. NPK ya chengachenga nayo mara nyingi ina naitrojeni ya aina hiyo hiyo. Soma mfuko.

Joto la kaskazi nalo lihesabu. Kati ya Desemba na Machi maji ya sebuleni hufika nyuzi 30 bila kuombwa. Maji ya nyuzi 30 yakishiba oksijeni yanabeba miligramu 7.5 kwa lita, wakati ya nyuzi 25 yanabeba zaidi ya 8, na hewa ukaa pia hupungua. Mmea unataka kukimbia, hewa haitoshi. Katika miezi hiyo mimi hupunguza taa saa moja na kuwapunguzia samaki chakula. Mbolea haiguswi.

Mimea ya kuokota bwawani, kama Ceratophyllum, inakua haraka na inasaidia sana kunyonya amonia. Lakini usiingie bwawani peku, na kila konokono aliyekuja nayo mtoe kwa koleo, si kwa vidole: wako wanaobeba kichocho.

Manyoya meusi yana tabia yake. Ni mwani mwekundu kwa ukoo, hata kama unauona mweusi, na mara nyingi nimeukuta kwenye matangi ambayo hewa ukaa inapanda na kushuka ovyo. Zima filta, chukua sindano isiyo na ncha, udondoshee hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 juu yake, isizidi mililita 1 kwa kila lita 4 za tangi kwa siku. Subiri dakika kumi, washa filta. Ukigeuka waridi ujue umekufa, konokono na kamba wa tangi lako watamalizia.

Majani yaliyokwisha kutoboka hayaponi, yakate. Unayopaswa kutazama ni yale yatakayochipua wiki mbili au tatu baada ya kupunguza taa. Yakitoka mazima na ya kijani kilichoiva, usiongeze kitu. Yakitoka yamepauka, ongeza chuma kidogo, na balbu zibaki zile zile mbili.