Nyumba za karibu na bahari: yanayosemwa kuhusu mabomba na gesi, na ukweli wake

Ukishuka kutoka Barabara ya Bagamoyo jijini Dar es Salaam kuelekea baharini, iwe ni Msasani, Mikocheni, Kawe, Mbezi Beach au Kunduchi, utakuta nyumba ambazo kwa macho hazitofautiani na za Tabata au Kimara. Tangi liko juu ya mnara, mabomba yamepita ukutani, mtungi wa gesi uko jikoni au nje ya dirisha la jiko. Tofauti inaletwa na bahari. Upepo wa kusi na wa kaskazi unabeba chumvi, maji ya ardhini yako karibu, na udongo ni mchanga. Maneno mengi yanayopita mitaani kuhusu mabomba na gesi hayana madhara makubwa bara. Huku ufukweni yanakula fedha za watu, na moja au mawili yanaweza kuua. Naanza na hilo la kuua.

"Hiyo si gesi, ni chemba inanuka"

Gesi ya mitungi, yaani mchanganyiko wa propani na butani, haina harufu ya asili. Hutiwa merkaptani kiwandani ili pua iikamate mapema, na merkaptani inanuka kama yai viza. Chemba nayo hutoa salfaidi ya haidrojeni, yenye harufu ya yai viza vilevile. Ongeza tope la mikoko na mwani unaooza wakati maji yamekupwa, harufu zote za jamii moja. Mkazi wa pwani ameshazoea. Akinusa kitu usiku anasema "leo chemba imezidi", anawasha taa ya jikoni, anachemsha chai.

Hatari imejificha hapo. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo haipandi darini. Inatambaa sakafuni, na sakafuni ndiko kulikotobolewa matundu ya kutolea maji. Ikiwa mtungi unavuja karibu na tundu la jikoni au karibu na mfuniko wa chemba ulio wazi, gesi inaweza kuingia kwenye bomba la maji machafu ikakaa humo, na harufu ikatokea bafuni, mbali kabisa na mtungi. Mwenye nyumba anakuwa amesema kweli kwamba harufu inatoka kwenye tundu la bafu, ila iliyomo ni gesi ya kupikia.

Tupige hesabu kidogo. Kilo 1 ya gesi ikishageuka mvuke huchukua karibu nusu mita ya ujazo. Jiko la mita 3 kwa 3 lenye dari ya kawaida lina kama mita 24 za ujazo. Gesi hii huanza kuweza kulipuka ikifika takribani asilimia 2 ya hewa, na asilimia 2 ya jiko hilo ni hiyohiyo nusu mita. Maana yake kilo moja inatosha jiko zima, na kwa kuwa gesi inalala chini, hata pungufu ya hapo inatosha kufanya tabaka la kuwaka usawa wa magoti. Mtungi mdogo uliozoeleka nyumbani una kilo 6.

Kwa hiyo ukinusa, anza na gesi. Funga mtungi. Usiguse swichi, si kuwasha wala kuzima, maana cheche hutoka kote kuwili. Fungua milango na madirisha, toa watu nje. Harufu ikiwa nzito, pigia Zimamoto namba 114 ukiwa nje, si ukiwa jikoni. Ukishahakikisha gesi haivuji, ndipo uje kwenye chemba. Kila tundu la maji lina kona iliyopinda inayobaki na maji, kama sentimita 5 hivi, na maji hayo ndiyo mlango unaozuia harufu isipande. Choo cha wageni kikikaa wiki kadhaa bila kutumika, joto la Dar hukausha maji hayo. Mwaga ndoo ya maji kwenye kila tundu. Harufu ikikoma, tatizo lilikuwa hilo, na hukuhitaji kumlipa mtu.

"Jiko si linawaka? Basi gesi iko salama"

Jiko kuwaka kunaonyesha tu kwamba gesi inafika. Ngapi inapotea njiani, moto hausemi.

Chukua mpira wa gesi uliokaa kwenye baraza linalotazama bahari, uukunje pale unapoingia kwenye klampu. Sehemu ya katikati inaweza kuwa laini kama mpya, lakini hapo shingoni utaona mipasuko midogo kama nywele, na ukiilegeza klampu utakuta kutu imekula chini ya skrubu, mahali ambapo jicho halifiki. Chumvi hupenda maungio. Regulata nayo ina springi na utando wa mpira ndani. Kazi yake ni kushusha presha ya mtungi, ambayo kwa joto la Dar ni bari kadhaa, mpaka kama milibari 30 zinazofika jikoni, yaani zaidi ya mara 100. Tundu lake dogo la kupumulia likizibwa na kutu au wadudu, haiwezi tena kupima sawasawa. Soma mwaka uliochapwa kwenye mpira na uuheshimu. Kama nyumba inapigwa na upepo wa bahari, kagua mapema zaidi ya hapo.

Kukagua ni kwa povu la sabuni. Paka kwenye kichwa cha mtungi, kwenye regulata na kwenye maungio ya mpira, kisha tazama mapovu. Wapo wanaopitisha kiberiti kwenye maungio kutafuta uvujaji, na wanafanya hivyo mbele ya watoto. Mtu wa namna hiyo mtoe nje ya nyumba yako. Wapo pia wanaoziba kichwa kinachovuja kwa sabuni ya kipande au kwa tepu nyeupe ya mabomba ya maji. Sabuni hukauka, na tepu ile haikuwekwa pale na aliyetengeneza valvu. Mtungi unaovuja kichwani unarudishwa kwa muuzaji, basi. Vilevile usiulaze mtungi ili "kumalizia" gesi ya mwisho: ukilala, gesi iliyo bado katika hali ya kimiminika huingia kwenye regulata iliyotengenezwa kupitisha mvuke, na moto unaweza kuruka ghafla.

"Gesi ni gesi, ya bomba na ya mtungi ni ileile"

Gesi asilia ya Songo Songo ilianza kufika Dar es Salaam mwaka 2004, na bomba kubwa kutoka Mtwara likakamilika 2015. Baadhi ya nyumba za Mikocheni zimeunganishwa na bomba la TPDC, shirika la taifa la mafuta na gesi. Gesi hiyo kwa sehemu kubwa ni methani, nyepesi kuliko hewa: ikivuja inapanda juu, wakati ya mtungi inashuka. Tundu la hewa la kuilinda nyumba dhidi ya moja halisaidii sana dhidi ya nyingine. Hata nozeli za jiko, yaani vitundu vinavyotolea gesi, ni tofauti, kwa kuwa presha na nguvu ya gesi hizi si sawa. Ukihamisha jiko kutoka mtungi kwenda bomba bila kubadili nozeli, moto utakuwa hafifu. Ukifanya kinyume, utakuwa mrefu, wa njano na wenye masizi. Moto wa njano unaleta pia kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na merkaptani haikusaidii kuitambua. Ndiyo maana hita ya maji inayotumia gesi haifungwi ndani ya bafu lisilo na njia ya kutoa moshi, hata kama chumba ni kikubwa.

"Chimba zaidi, utapata maji matamu"

Bara ushauri huu mara nyingi unafaa. Karibu na bahari unaweza kukutia hasara ya mamilioni. Maji matamu ni mepesi kuliko ya bahari, kwa hiyo chini ya Msasani au Kunduchi yanaelea juu ya maji ya chumvi. Kanuni inayojulikana kwa wataalamu wa maji ni kwamba kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inabeba kama mita 40 chini yake. Geuza hesabu hiyo uone: pampu ikishusha maji kwa mita 1 tu, chumvi inapata nafasi ya kupanda hadi mita 40. Ukichimba ndani zaidi unaifuata chumvi. Ukipampu kwa nguvu kwa muda mrefu unaivuta ije kwako, na kwa jirani yako pia.

Maji yakishakuwa na chumvi, mabomba na vyombo huanza kulalamika. Hita ya umeme ina fimbo ya madini ndani ambayo kazi yake ni kuliwa badala ya tangi. Kwa maji ya chumvi huisha upesi, na mafundi wachache huifungua kuitazama. Koki za chuma cha pua nazo hupata vitobo, hasa za daraja la 304. Daraja la 316 huvumilia zaidi kwa sababu lina molibdenamu. Hizi namba wakati mwingine huandikwa kwenye kifaa chenyewe au kwenye boksi, ziulize dukani.

"Weka bomba la plastiki usahau"

Bomba la chuma lililopakwa zinki hulindwa na zinki yenyewe, na chumvi huimaliza haraka, hasa kwenye meno ambako fundi ameshaikwangua wakati wa kuchonga. Ndiyo maana mabomba ya aina hii karibu kila mara huvuja kwenye elbo na soketi. PPR, bomba la plastiki linalounganishwa kwa kuchomelewa, haiozi kwa chumvi, na kwa mtaa wa ufukweni ndiyo ningechagua. Ila haikutengenezwa kukaa juani. Bomba linaloshuka kutoka mnara wa tangi likipigwa na jua miaka yote litakakamaa na kupasuka, kwa hiyo lifunikwe au lifukiwe. Pia, pale PPR inapokutana na koki kuna kipande cha shaba chenye meno, na hapo chumvi inapata mlango wake tena. Mashine ya kuchomelea huhitaji joto la kama nyuzi 260. Fundi mwenye haraka huzidisha muda, plastiki inayeyuka kuelekea ndani, tundu linafinyana, kisha unaambiwa presha ya mtaa ni ndogo.

"Chemba inajaa kwa sababu ni fupi"

Nina hoja moja hapa. Angalia kalenda ya mwezi kabla ya kumwita mchimbaji. Wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani ya Dar hupita mita 3, na maji ya ardhini ya viwanja vya karibu yanafuata. Shimo la kunyonyea linakuwa limeshajaa maji kutoka nje, na maji ya nyumba hayana pa kwenda. Siku za maji mafu, bahari isipojaa sana, chemba inatulia yenyewe. Ukiona mpangilio huo, kuchimba kwenda chini hakukusaidii hata kidogo, kwa sababu unachimba ndani ya maji. Kinachosaidia ni mtandao wa mashimo mapana ya juu juu, kuyatenga maji ya mvua ya paa yasiingie kwenye chemba, au tangi lisilovuja linalonyonywa na gari. Na ukiwa na tangi la plastiki lililofukiwa, usilinyonye hadi tupu wakati maji ya ardhini yako juu. Huinuka kutoka ardhini na kuvunja mabomba yake.

"Mita inakimbia, wanatuibia"

Kuna ukweli kidogo hapa: maji yakirudi baada ya mgawo, hewa iliyomo bombani inaweza kuzungusha mita. Lakini bili inayopanda mwezi baada ya mwezi mara nyingi inatoka ndani ya uzio wako. Funga koki zote na boya la tangi, kisha tazama kigurudumu kidogo cha mita. Kikizunguka, una bomba linalovuja, na katika mchanga maji hayatokezi juu, yanazama. Uvujaji unaojaza kikombe cha robo lita kwa dakika hupoteza lita 360 kwa siku, karibu uniti 11 za lita 1,000 kwa mwezi.

"Fundi bomba ndiye fundi gesi"

Wote hutumia spana, ila ujuzi ni tofauti. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, hufundisha ufundi bomba, na humpima pia fundi aliyejifunzia mtaani na kumpa cheti. Wapo mafundi wa mtaani hodari sana na wanastahili heshima hiyo. Lakini cheti cha maji hakimfanyi mtu ajue nozeli wala regulata. Uliza waziwazi: umefundishwa gesi wapi, na nani? Fundi anayejua kazi hatakasirika. Kwa bomba la maji, mwambie lijazwe na liachwe na presha kabla ukuta haujapigwa plasta. Kwa gesi, povu la sabuni lipakwe mbele yako, kwenye kila ungio alilogusa, na malipo yafuate baada ya hapo.