Bunduki fupi ya upepo kwa windo dogo: uliza kwanza kimekatwa nini

Mteja akiingia dukani akaomba "ile fupi", swali langu la kwanza huwa ni mahali anapowindia. Windo lenyewe halinisumbui. Hapa Uingereza mwenye bunduki ya upepo anafuata sungura, njiwa pori, kindi wa kijivu na panya wa maghalani, na wote hao wanaangushwa na bunduki ileile. Kinachobadilisha mambo ni mahali. Anayelala kifudifudi kando ya ua wa michongoma akisubiri sungura watoke jioni hana haja kubwa na ufupi. Anayepiga panya usiku ndani ya banda la ng'ombe, katikati ya mabomba na mageti ya chuma, anauhitaji kweli. Anayejificha nyuma ya wavu kungoja njiwa, akiwa na nafasi ya kiti na magoti yake tu, anauhitaji zaidi.

Bunduki haifupishwi bure. Mtengenezaji akitaka kupunguza urefu ana njia tatu: akate mtutu, akate kitako, au auhamishe mtambo mzima nyuma ya kifyatulio mpaka ndani ya kitako. Kila njia ina gharama yake, na anayeilipa ni mpigaji akiwa shambani, sungura amekaa mita 28 mbele yake. Ukijua kilichokatwa, utajua gharama hiyo utailipa wapi, na kama unaimudu.

Kabla ya hayo, sheria, kwa sababu ndiyo inayoweka kiwango cha nguvu. England na Wales bunduki ya upepo isiyozidi futi-pauni 12, yaani jouli 16.27 kwenye mdomo wa mtutu, haihitaji cheti cha silaha. Ikizidi hapo hata kidogo, inahesabiwa kama silaha kamili, na kusema hukujua hakukuokoi. Scotland unahitaji cheti hata kwa zile za chini ya kiwango hicho, tangu 31 Desemba 2016. Ireland ya Kaskazini ni kali zaidi: chochote kinachozidi jouli 1 kinataka cheti. Mnunuzi lazima awe ametimiza miaka 18, na huwezi kuwinda kwenye ardhi ya mtu bila ruhusa yake. Njiwa pori hupigwa kwa masharti ya leseni ya jumla ya kuzuia uharibifu wa mazao, na masharti hayo husomwa upya kila yanapotolewa. Ndugu wanaoniuliza kutoka nyumbani nawajibu waziwazi: Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania kuwinda mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, hata kama ni ndege mdogo. Usinunue chochote kabla hujauliza polisi na idara ya wanyamapori ya kwenu. Ninayoyaeleza hapa ni ya mashamba ya Kiingereza.

Sasa mtutu. Kwenye bunduki ya springi, pistoni hukimbia mbele mara moja na kubana hewa kidogo, na risasi hupata karibu kasi yake yote katika sentimita chache za mwanzo. Urefu unaobaki hauongezi kitu cha maana. Ndiyo sababu Weihrauch HW97K na Air Arms TX200 HC zina mitutu mifupi na bado zinafika kwenye kikomo cha kisheria. Kwenye TX200 HC gharama iko mkononi: wenzo wa kukokia ni mfupi kuliko wa TX200 ya kawaida, kwa hiyo unavuta kwa nguvu zaidi. Na usidanganyike kwamba fupi ni nyepesi. Bunduki nzuri ya springi ya aina hii, ukishaifunga darubini, inapita kilo 4. Pia inaruka mikononi pande mbili, nyuma kisha mbele, hivyo inadai mshiko uleule kila mara. Aliyekwisha kuizoea hupiga vizuri sana. Anayeanza, na anayetaka kupata sungura msimu huu, nampeleka kwenye bunduki ya kujazwa hewa.

Bunduki ya kujazwa hewa hufanya kazi tofauti. Hewa iliyobanwa kwenye silinda, mara nyingi kwa baa 200 hivi, huachiwa kidogo kwa kila mlio, na huendelea kuisukuma risasi muda wote inaposafiri ndani ya mtutu. Ukikata mtutu unakata muda wa kusukuma. Ili nguvu ibaki ileile, vali lazima itoe hewa nyingi zaidi, na risasi inapotoka mdomoni hewa iliyobaki nyuma yake bado ina shinikizo kubwa. Matokeo ni mawili: milio inapungua kwa kila ujazo, na sauti inakuwa kali. Idadi ya milio haipaswi kumtisha mwindaji. Jioni nzuri ya sungura haina milio mingi, na hata silinda ndogo inatosha kusawazisha darubini, yaani kuirekebisha mpaka risasi itue pale unapolenga, kisha kuwinda. Wanaohitaji milio 100 ni wapiga shabaha. Sauti ndiyo ya kuogopa, kwa sababu sungura wa pili hasubiri.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Vipimo vya kwenye karatasi hutolewa mara nyingi bila kiwambo cha sauti. Bunduki ya sentimita 80 yenye mtutu ulio wazi inaonekana fupi kuliko ya sentimita 88 yenye mtutu uliofunikwa kwa bomba la kutuliza sauti. Ifunge ile ya kwanza kiwambo, ambacho shambani lazima utakifunga, na inakaribia sentimita 95. Kwa hiyo pima bunduki ikiwa imevaa kila kitu itakachovaa kazini. Mimi nina kipande cha mlango wa banda pale dukani, na namwambia mteja ageuke kando yake akiwa ameinua bunduki begani. Mdomo wa mtutu ukigonga ubao, amepata jibu.

Kukata kitako ni njia ya pili, na ni rahisi kuihukumu. Kutoka kifyatulio hadi mwisho wa kitako, mtu mzima wa kimo cha kawaida hukaa vizuri na sentimita 35 au 36. Baadhi ya bunduki fupi zimeshuka chini ya hapo sana, na mtu mrefu anajikuta amekunja shingo na kidole gumba kimefika puani. Lakini usijaribu ukiwa na shati. Uwindaji wa njiwa unakolea Januari na Februari, na koti la baridi hujaza nafasi begani. Kitako kinachoonekana kifupi kidogo mwezi Julai kinaweza kukaa sawasawa wakati wa theluji.

Njia ya tatu, ya kuuhamisha mtambo nyuma, ndiyo inayouzwa kwa kelele nyingi siku hizi. Watu wa fani huziita bulpapu. Mtutu unabaki na urefu wake kamili, kwa hiyo hewa inatumika vizuri na sauti inatulia, na bado bunduki nzima inakuwa fupi kuliko zote. FX Wildcat ya Sweden ni mfano unaojulikana. Wazo la kutumia nafasi iliyo ndani ya kitako si geni: bunduki ya upepo ya Girandoni, iliyobebwa na askari wa Austria mwishoni mwa karne ya 18, ilihifadhi hewa yake ndani ya kitako chenyewe. Brocock Bantam ya Kiingereza inafuata njia ya kati inayokumbusha hiyo, chupa ya hewa ikiwa nyuma, chini ya shavu.

Bulpapu nazipenda, lakini nataka anayenunua ajue anachobadilishana. Kifyatulio kimeachwa mbele wakati mtambo umekwenda nyuma, na kati yao kuna fimbo ya kuviunganisha. Fimbo hiyo ikiwa na ulegevu, unapoteza ile hisia ya kujua ni lini hasa bunduki italia. Daystate Pulsar iliikwepa shida hii kwa kutumia kifyatulio cha umeme, ila si kila mtu anataka betri ndani ya bunduki. Shavu linakaa juu ya mtambo au silinda, na chuma cha alfajiri ya baridi kinauma. Magazini iko chini ya uso wako, hivyo kuibadilisha gizani kunahitaji mazoezi. Anayetumia mkono wa kushoto aangalie wenzo wa kukokia upo upande gani na kama unaweza kuhamishwa.

Kubwa kuliko yote hayo ni kimo cha darubini. Kwa kuwa kichwa hakiwezi kushuka zaidi, darubini hupandishwa. Kwenye bunduki ya kawaida darubini hukaa kama sentimita 4.5 juu ya mtutu; kwenye bulpapu hufika 7 au zaidi. Chukua risasi ya milimita 4.5, darubini ikiwa imesawazishwa kwa mita 30. Panya akiwa mita 10, bunduki ya kawaida itapiga kama sentimita 1 chini ya msalaba wa kulengea ulio ndani ya darubini. Bulpapu itapiga zaidi ya sentimita 2.5 chini. Mita 5 tofauti ni kubwa zaidi: sentimita 2.5 kwa ile ya kawaida, zaidi ya 4.5 kwa bulpapu. Kichwa cha panya hakina nafasi ya kusamehe hayo. Na tazama mgongano uliopo: bandani, mahali ambapo bulpapu inafaa kuliko zote, ndipo shabaha zake zinapokuwa karibu na hesabu yake ya kulenga inapokuwa ngumu. Dawa yake ni kuisawazisha kwa umbali wa kazi hiyo, tuseme mita 12, na kuiacha hivyo. Atakayetaka bunduki moja ifanye banda na shamba lazima ajifunze alama zote za darubini yake kwa moyo.

Ndiyo maana, kwa mtu atakayenunua bunduki moja tu, ushauri wangu ni bunduki fupi ya umbo la zamani: ya kujazwa hewa, mtutu wa wastani uliofunikwa, darubini chini, kifyatulio kilichoungana moja kwa moja na mtambo. Weihrauch HW100 K inayotengenezwa Mellrichstadt, Ujerumani, na BSA Ultra ya Birmingham ziko kwenye kundi hili, na zote nimezifungua na kuzifunga mara nyingi mezani. Sentimita unazopoteza ukilinganisha na bulpapu unazipata kwenye usahihi wa mlio wa kwanza. Bulpapu naichagua kwa mtu ambaye kazi yake ni ya bandani au nyuma ya wavu.

Ukubwa wa risasi una mjadala usioisha, nami nina upande wangu. Chini ya jouli 16.27, risasi ya milimita 4.5 yenye gramu 0.55 ikienda mita 238 kwa sekunde ina jouli 15.5 hivi. Risasi ya milimita 5.5 yenye gramu 1.03 ikienda mita 174 ina karibu nguvu ileile. Tofauti ni njia inayopita. Zote zikiwa zimesawazishwa kwa mita 30 na darubini ya kimo cha kawaida, mita 40 ile ndogo imeshuka kama sentimita 3, kubwa kama 7. Sehemu ya kichwa cha sungura unayopaswa kuipiga, kati ya jicho na shina la sikio, ina upana wa sentimita 3 hivi. Ukikosea kukadiria umbali kwa mita 5, risasi ndogo inaweza kukusamehe. Kubwa itajeruhi, na mnyama aliyejeruhiwa akaingia shimoni anakufa polepole mahali usipoweza kumfikia. Shambani nachagua 4.5. Bandani, kwenye umbali mfupi unaojulikana, 5.5 ni nzuri sana. Kwa vyovyote sipigi sungura zaidi ya mita 35 kwa nguvu hizi, na siku ya upepo nasogea karibu zaidi.

Jambo moja la kiusalama kuhusu uzito wa risasi: bunduki ya kujazwa hewa kwa kawaida hutoa nguvu zaidi ukitumia risasi nzito, wakati ya springi mara nyingi hufanya kinyume. Bunduki iliyopimwa dukani kwa risasi nyepesi inaweza kuvuka kikomo cha sheria siku unapobadilisha kopo la risasi. Ukinunua ya mkononi, omba ipimwe mbele yako kwa risasi za uzito mbalimbali, na uliza tarehe ya mwisho ya ukaguzi wa silinda ya kujazia.

Ukishanunua, chukua aina nne au tano za risasi zenye kichwa cha mviringo, kwa sababu mitutu miwili ya kiwanda kimoja inaweza kupenda risasi tofauti. Kila aina piga milio mitano kwa mita 30 ukiwa umeegemea. Matundu yote yakifunikwa na sarafu ya paundi moja, aina hiyo inafaa. Nunua makopo kadhaa ya toleo hilohilo. Halafu vaa koti lako, piga magoti bila kuegemea, na urudie. Bunduki fupi na nyepesi hutikisika zaidi kuliko ndefu, na jaribio hili ndilo litakaloonyesha. Umbali ambao bado unaweza kuyaweka matundu chini ya ile sarafu katika mkao huo ndio umbali wako wa kuwindia, hata kama ni mita 18.